Kwa waigizaji wanaotaka kuongoza: tumsome Ida Lupino

Kila ninapopokea waigizaji chipukizi wanaotamani kuwa waongozaji, huwaeleza habari za Ida Lupino, mzaliwa wa London mwaka 1918, aliyekuwa nyota wa studio ya Warner Bros. huko Hollywood kabla hajashika uongozaji. Alipokataa nafasi asizoziridhia, studio ilimsimamisha kazi. Naye, badala ya kukaa nyumbani akinung'unika, aliutumia muda huo kuwatazama waongozaji na wahariri wakifanya kazi.

Hapo ndipo pa kuanzia. Nilipokuwa ningali mwigizaji, nilizoea kumaliza kipande changu na kwenda kulala garini, hadi siku moja msaidizi wa kamera aliponiomba nimshikie utepe wa kupimia umbali baina ya lenzi na uso wa mwenzangu. Mwenzangu alisogea nusu hatua tu, na uso wake ukaingia ukungu kwenye picha, kwa kuwa lenzi ilikuwa imewekwa kwa umbali ule uliopimwa. Nami kwa miaka kadhaa nilikuwa nikisogea nipendavyo.

Lupino alianzisha kampuni ndogo pamoja na mumewe, Collier Young. Elmer Clifton, mwongozaji wa filamu ya Not Wanted ya mwaka 1949, alipopatwa na maradhi ya moyo, Lupino ndiye aliyeikamilisha, ingawa jina lililobaki kwenye filamu ni la Clifton. Aliiweza kwa kuwa alikwisha kushiriki kuuandika muswada wa filamu hiyo na kuitayarisha. Kwa hiyo nawasihi, someni muswada wote, si mistari yenu pekee. Na mkiwa na fedha kidogo za kutengenezea filamu, itazameni The Hitch-Hiker ya mwaka 1953: wanaume watatu, gari na jangwa, na hofu haipungui.

Tafadhali msiidharau televisheni, ambako aliongoza vipindi vingi vya mifululizo mbalimbali. Mwaka 1964 aliongoza kipindi cha The Twilight Zone, mfululizo wa hadithi za ajabu, kiitwacho The Masks, naye ndiye mwanamke pekee aliyeongoza katika mfululizo ule wa awali, ambao pia alikwisha kuuigizia. Humo wahusika hukaa wamevaa vinyago wakisubiri saa sita ya usiku. Uso ukishafunikwa, hisia hazina budi kutoka kwenye sauti, mabega na vidole, na mwongozaji aliyewahi kuigiza anajua amwombe nini mwenzake wakati huo.