Moja wewe, moja mie: kwenye matengenezo Chake–Mkoani tupeane njia

Assalam alaykum wandugu. Mie napakia abiria Chake–Mkoani, huku Pemba, karibu kila siku, na tangu barabara hii ianze kufumuliwa nshaona mengi kwenye zile sehemu gari zinashushwa mchepuko wa udongo halafu mbele zinapandishwa tena kwenye lami, na pale pa kupandia ndo kila mtu anataka awe wa kwanza.

Nianze na langu. Asubuhi moja nlikuwa na abiria wanawahi boti, tumechelewa kutoka Chake, wa nyuma wananambia kanyaga kanyaga, nami nkakanyaga. Kibao cha 30 nlikiona vizuri tu, nkaingia na 60. Kokoto zilikuwa zimemwagwa hazijashindiliwa, nafunga breki gari inateleza kama iko juu ya goroli, na mbele kasimama kijana wa kibendera. Aliruka. Gari iliposimama nkaziona ndara zake mbili zimebaki pale pale alipokuwa kasimama, mbele ya bampa yangu. Akaja dirishani miguu mitupu, mkono unamtetemeka, akanambia, "Ami, wewe hapa unapita mara moja, mie niko hapa mpaka magharibi." Nlishuka nkamuokotea ndara zake nkamtaka radhi, na ndani ya gari hakuna aliyesema neno mpaka Mtambile.

Boti tuliiwahi. Lakini nlikuja kupiga hesabu baadae: kipande kile kama ni kilomita moja na nusu, kwa 30 unakipita dakika tatu, kwa 60 dakika moja na nusu. Yani nlitaka kumuua mtoto wa watu kwa dakika moja na nusu! Na ukiwa 60 gari inakula karibu mita 17 kwa sekunde moja kabla mguu haujagusa breki, na mwendo ukiuzidisha mara mbili ule mburuzo wa breki unazidi mara nne, hapo ni lami kavu, kwenye kokoto usiulize.

Sasa pale pa kuungana. Foleni ya mchepuko inapanda, foleni ya lami inakuja, njia moja. Dawa yake ni moja wewe moja mie, basi. Unamwachia mmoja aingie, unaingia wewe, wa nyuma yako anamwachia mwengine. Ujerumani jambo hili limeandikwa kabisa kwenye sheria ya barabarani, njia mbili zikibanwa kuwa moja gari zinaingia kwa zamu moja moja pale pale mwanzo wa kubanwa, na kama zipo njia mbili zinazoelekea upande mmoja watu wanazitumia zote mpaka mwisho, si wote kujazana njia moja mapema. Lakini jamani msichanganye, kuipita foleni kwa upande wa wanaokuja haimo humo, huo ni ubabe, unamkuta mwenzio uso kwa uso kwenye kona na nyuma hakuna pa kurudi.

Na hili la taa. Kwetu mwengine akikumulika anasema pita, mwengine akikumulika anasema nakuja mie, na wote wawili wakaingia. Mie nshaacha, natoa mkono dirishani nampungia aje, ananiona, nami namsubiri apite kabisa. Indiketa washa mapema, mwenye bodaboda aliye ubavuni mwako hawezi kubahatisha.

Msimu wa karafuu ndo punguza zaidi, majamvi yako pembeni ya barabara na mama kainama anageuza karafuu zake kakupa mgongo, na gari la ng'ombe likiwa mbele lifuate tu mpaka pawe na nafasi, ng'ombe hajui honi.

Kibendera kikiwa chekundu na wewe unaona mbele kweupe, kaa. Yule kijana anajua usichokiona, pengine katapila linarudi nyuma au gari zimeshaachiwa upande wa pili wa kona. Na ukivuka koni ya mwisho usivute mwendo hapo hapo, mafundi wengine wanakaa kivulini mbele kidogo wanakula.

Mie siku hizi abiria akinambia boti ya saa moja na nusu, saa kumi na moja na nusu nshapiga honi mlangoni kwake.