Unga usikae karibu na sala ya toba

Ndugu zangu mliopangiwa mitaa mwaka huu, Bwana Yesu asifiwe. Nawapenda, ndiyo maana sitawabembeleza. Msimu huu tena nimeona yale yale: kuhubiri injili na kusaidia wahitaji, ama tunavichanganya vibaya ama tunaacha kimoja.

1. Msigawe chakula penye kuandikisha waliookoka. Kwenye mkutano mmoja wa injili mwaka huu, mwinjilisti kijana alihubiri vizuri kweli. Alipomaliza akatangaza: waliompokea Yesu wapite kulia waandikwe majina. Na kulia huko ndiko mifuko ya unga ilikopangwa! Uwanja mzima ukahamia kulia. Bibi mmoja Mwislamu, ambaye mahindi yake yote yalikaukia shambani, alibaki katikati ameshika ncha ya mtandio wake. Akamwuliza mzee wa kanisa, "Baba, nikichukua unga nitakuwa nimebadili dini?" Mzee akababaika. Bibi akaondoka mikono mitupu. Jioni ripoti ikajaa shangwe. Kesho yake tulimpelekea unga nyumbani. Alitushukuru kwa adabu, akasema tumpe jirani mwenye watoto. Hakuugusa. Wapo pia waliotubu kwa dhati siku ile, nawafahamu, wanasali hadi leo, na kijijini wanaitwa Wakristo wa unga. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Someni Yohana 6 muone Bwana alivyowaambia watu waliomfuata kwa sababu ya mikate. Aliwalisha kwanza, wala hakuwaandikisha.

2. Ninyi wa miradi nanyi msijifiche. Kisima kinachimbwa, kamati inaundwa, miaka inapita na hakuna aliyemtaja Yesu, eti mfadhili atakwazika. Uamsho wa kiroho wa miaka ya 1930 uliosambaa Uganda, Kenya na Tanganyika ulichipuka Gahini, Rwanda, kwenye misheni yenye hospitali. Daktari wake, Joe Church, alitibu na kuhubiri. Yosiya Kinuka, mmoja wa viongozi wa uamsho, alikuwa mhudumu wa hospitali hiyo hiyo. Mgonjwa akikuuliza kwa nini unamhudumia usiku wa manane, mjibu ukweli.

3. Mjadala wa kipi ni kazi ya kanisa, kuhubiri au kusaidia wahitaji, msiufufue vikaoni. Azimio la Lausanne la 1974, tamko la mkutano wa kimataifa wa uinjilisti, ibara ya 5, limeshatamka kwamba vyote viwili ni wajibu wetu, na kwamba kimoja si badala ya kingine.

4. Orodha ya wahitaji iandaliwe pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, bila kuuliza dhehebu wala dini. Kanisa la Yerusalemu lenyewe lilinung'unikiwa kwa kuwasahau wajane fulani, likachagua watu saba wa kuhudumu mezani. Stefano, mmoja wao, alikufa akishuhudia. Filipo, naye mmoja wao, alimbatiza Mwethiopia njiani. Kwa hiyo ukipangiwa diakonia, yaani huduma ya kusaidia wahitaji, usinung'unike kwamba umenyimwa mimbari.

Ripoti ya robo hii iwe na kurasa mbili: waliopata msaada, na walioanza mafundisho ya ubatizo. Majina ya ukurasa wa kwanza msiyanakili kwenye wa pili.