Maswali na majibu: nchi ikijitoa kwenye soko la pamoja, nani hunufaika na nani hulipa?

Safu iliyopita niligusia kwa kifungu kimoja tu uamuzi wa Tanzania wa kujitoa COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi niliyo nayo. Nimechagua tano na kuzifupisha bila kugusa hoja zake.

Tanzania ilipata nini ilipojitoa COMESA, na ilipoteza nini? (Msomaji, Dodoma)

Serikali ilitoa notisi mwaka 1999, kwa kuwa mkataba unadai notisi ya mwaka mmoja, na uanachama ukakoma Septemba 2000. Kalenda yenyewe inaeleza mengi, kwani tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo nchi tisa za COMESA, zikiwemo Kenya, Misri, Zambia na Zimbabwe, zilifutiana ushuru wa forodha na kuanzisha eneo huru la biashara. Walioutetea uamuzi wa kutoka walisema kwamba viwanda vyetu, ambavyo vingi vilikuwa ndiyo kwanza vimetoka mikononi mwa serikali, visingeweza kushindana na bidhaa za Misri bila kinga yoyote. Kwamba hazina isingemudu kuachia mapato ya forodha. Na kwamba nchi moja haiwezi kulipa ada na kupeleka wajumbe katika jumuiya tatu zinazofanya kazi zinazofanana.

Hoja ya tatu naikubali. Mbili za kwanza zina kasoro ambayo haisemwi mara nyingi: mwanachama wa COMESA hakulazimika kuingia katika eneo huru siku lilipozinduliwa. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2004, na Uganda ilichelewa zaidi, huku zote zikihudhuria vikao na kupiga kura. Kwa hiyo, kama shida ilikuwa ushuru tu, dawa ilikuwapo humo ndani.

Hasara nayo imekuzwa kupita kiasi. Tanzania ilibaki SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambako ni miongoni mwa waasisi, na mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikuwa umesainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Jirani zake wengi wa kibiashara wamo katika mojawapo ya jumuiya hizo mbili. Kilichopotea hasa ni unafuu wa kuingia Misri na masoko mengine ya kaskazini. Tena hatukuondoka na kila kitu chetu: lori la Tanzania linalovuka mpaka bado linatumia ile kadi ya njano ya bima ya COMESA, na Tanzania bado ina hisa katika benki ya maendeleo iliyokuwa ikiitwa PTA Bank. Aliyehama amebaki na chumba kwenye nyumba ya zamani, na sijamsikia mtu akilalamikia hilo.

Nauza mchele Zambia. Kama hatumo COMESA, kwa nini sitozwi ushuru kama mgeni? (Mfanyabiashara, Tunduma)

Kwa sababu Zambia imo COMESA na imo SADC pia, nawe unapitia mlango wa SADC, ambayo ilianzisha eneo lake huru la biashara mwaka 2008. Mchele uliolimwa Kyela unatambuliwa kuwa wa Tanzania moja kwa moja, ilimradi cheti cha uasili wa bidhaa kiwe cha SADC na kimejazwa sawasawa.

Neno hilo la mwisho ndilo lenye gharama. Niliwahi kukaa asubuhi nzima katika ofisi ya wakala wa forodha hapo Tunduma nikitazama karatasi za shehena moja ya mchele zikiwa zimepangwa mezani: ankara, cheti cha uasili, cheti cha afya ya mimea, kibali cha mnunuzi cha kuingiza nafaka. Kila kitu kilikuwa sahihi, isipokuwa uzito kwenye cheti kimoja ulitofautiana na ule wa kwenye ankara. Lori lilikuwa limeegeshwa nje, dereva amelala chini yake, na ushuru uliokuwa ukidaiwa ulikuwa sifuri. Kwa mfanyabiashara wa kiwango chako, siku mbili za kusubiri zinaweza kula faida kuliko ushuru wa asilimia kumi, na ndiyo maana mjadala wa kutoka au kubaki ukiishia kwenye viwango vya ushuru huwa umeacha nje nusu ya jambo.

Sukari ya nje inaua viwanda vyetu. Kwa nini Kenya isijitoe COMESA kama mlivyofanya? (Msomaji, Kakamega)

Kilio chako ni cha kweli, maana gharama ya kuzalisha sukari magharibi mwa Kenya imekuwa juu kuliko ya washindani kadhaa ndani ya COMESA. Lakini tazama njia ambayo Kenya yenyewe iliitumia. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 iliomba, ikapewa, kinga maalumu ya kuweka kikomo kwa sukari inayoingia bila ushuru, na kinga hiyo ikaongezwa muda mara kadhaa. Muda haukukosekana, swali la kuwauliza waliosimamia viwanda ni muda huo ulitumikaje.

Ukumbuke pia kwamba Kenya haimo SADC. Chai yenu inayonywewa Misri imejengewa njia na COMESA. Ni kweli kwamba mkataba wa utatu unaounganisha COMESA, SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Sharm el-Sheikh mwaka 2015, ulianza kutumika Julai 2024, ila huo bado mchanga, nami nisingemshauri mtu avunje daraja la zamani kabla lile jipya halijapita malori.

Naishi Leicester. Waliotaka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya walikuwa sahihi? (Msomaji, Uingereza)

Uingereza ilitoka tarehe 31 Januari 2020, na ikaachana na soko moja la Ulaya mwisho wa mwaka huo. Mkataba uliofuata hautozi ushuru kwa bidhaa zenye asili ya pande mbili, lakini mwenye duka anayeagiza nguo kutoka Asia kisha kumuuzia mteja wa Ireland amegundua kwamba nguo hizo si za Uingereza kwa macho ya forodha, na hivyo zinatozwa. Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti ya huko inakadiria kwamba tija ya uchumi itapungua kwa takribani asilimia 4 kwa muda mrefu, ikilinganishwa na hali ya kubaki.

Faida zipo, na si haki kuzificha. Mwaka 2025 Marekani ilipopandisha ushuru, Uingereza iliwekewa asilimia 10, na Ulaya ikaishia kwenye asilimia 15. Uhuru wa kujadiliana peke yako una thamani siku kama hiyo. Ila una kazi yake, kwa sababu anayetoka hutoka pia kwenye mikataba yote ambayo jumuiya ilifunga na wengine. Ndiyo maana London na Nairobi zilisaini mkataba wao Desemba 2020, wiki chache kabla ya tarehe ambayo maua ya Kenya yangeanza kutozwa ushuru.

Ikiwa majirani wanatusumbua, Tanzania inaweza kujitoa Jumuiya ya Afrika Mashariki? (Msomaji, Arusha)

Inaweza. Mkataba unataka azimio la Bunge kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha notisi ya miezi 12. Usumbufu unaousema naufahamu: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, na malori yakakwama Namanga. Zuio hilo liliondolewa kwa masharti ndani ya siku chache, baada ya serikali kuzungumza.

Linganisha na mwaka 1977, jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa hadi 1983, shirika moja la ndege likawa matatu, na makubaliano ya kugawana mali na madeni hayakusainiwa hadi 1984. Wazee waliokuwa wafanyakazi wa jumuiya hiyo walikuwa bado wakiandamana Dar es Salaam kudai mafao yao miaka ya 2000.