Mama mkwe na mdakaji aliyechuchumaa

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: ndugu wamekutembelea ughaibuni, una siku moja tu ya kuwatoa, utawapeleka wapi? Najua wengi watajibu maporomoko ya Niagara au madukani. Mimi nawapeleka uwanja wa besiboli, hata kama hawajawahi kuuona mchezo wenyewe. Tena afadhali wasiujue.

Nimelijua hilo kwa mama mkwe. Alikuja Pittsburgh kutoka Tanga kumwona mjukuu, na Jumamosi moja mke wangu akawa na zamu kazini. Wenye wakwe mnanielewa. Tulikaa sebuleni, yeye na kikombe chake cha chai, mimi na changu, kila mtu akiuangalia ukuta wa upande wake. Nikaona nitafute tiketi.

Uwanja wa PNC Park ulifunguliwa mwaka 2001, ukingoni mwa mto Allegheny. Siku ya mechi daraja la njano linaloelekea uwanjani hufungwa kwa magari, watu wakavuka kwa miguu, wenye watoto mabegani, wauza karanga pembeni. Mama mkwe akasimama mbele ya sanamu lililo upande wa pili akauliza ni ya nani. Ni ya Roberto Clemente, nikamwambia, mchezaji wa timu ya hapa Pittsburgh, mtu wa Puerto Rico, na daraja hilo limepewa jina lake. Mwaka 1972 alifikisha mipigo 3,000, na usiku wa tarehe 31 Desemba mwaka huohuo akapanda ndege iliyobeba misaada ya waliokumbwa na tetemeko Nikaragua. Ndege ikaanguka baharini. Alikuwa na miaka 38. Ukuta wa kulia uwanjani una kimo cha futi 21, kwa sababu jezi yake ilikuwa namba 21.

Mama akanyamaza kidogo, akaweka sawa mtandio wake. "Huyo kafia kwenye kheri," akasema, tukaingia.

Kateni tiketi za viti vya juu, upande wa besi ya tatu (besi ni vituo anavyokimbilia aliyeupiga mpira). Ni vya bei nafuu, na ukikaa pale unauona mto, madaraja na majengo ya mjini yote kwa pamoja. Baada ya mirusho michache mama mkwe akasema, "Hii si rede hii? Ila huyu wa katikati kapewa rungu." Sijawahi kusikia besiboli ikielezwa vizuri zaidi. Kilichomsumbua ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima. "Magoti yake hayamuumi?" Kila kipindi kilipoanza alikuwa anamtafuta yeye kwanza.

Katikati ya mchezo wakatoka watu waliovaa maumbo ya pierogi wakakimbizana kuzunguka uwanja. Nikamweleza kwamba pierogi ni chakula cha Wapolandi, kama sambusa ndogo ya viazi, ila inachemshwa. "Sambusa ya kuchemsha!" Hilo nadhani hajawasamehe mpaka leo.

Kilichotuokoa ni muda kati ya mrusho na mrusho. Tangu mwaka 2023 kuna saa inayombana mrushaji: besi zikiwa tupu ana sekunde 15 tu za kuurusha mpira. Mchezo umekuwa mfupi, lakini bado sekunde hizo ni nyingi kwa mtu mwenye la kusema. Mnaangalia mbele wote wawili, hakuna anayelazimika kumkazia mwenzake macho, na mkwe na mkwe wanaweza kuzungumza bila kuvunjiana heshima. Ndipo aliponisimulia jinsi marehemu mume wake alivyokuwa akishinda uwanja wa Mkwakwani, na jinsi Tanga ilivyokuwa mwaka 1988 timu yao ya kandanda, Coastal Union, ilipochukua ubingwa wa ligi. Miaka sita ya ndoa, sikuwahi kuyasikia hayo.

Kwa marafiki wa rika lako jibu langu ni tofauti: Fenway Park, Boston, uwanja wa mwaka 1912. Baadhi ya viti ni vya mbao, vyembamba, magoti yanagusa kiti cha mbele, na ukikosea tiketi utaangalia nguzo siku nzima. Mzee msimpeleke huko. Lakini kuna ukuta wa kijani wa zaidi ya mita 11, wenye ubao wa matokeo unaobadilishwa kwa mkono mpaka leo, na kati ya viti vya kijani kimoja ni chekundu: hapo ndipo ulipoangukia mpira wa Ted Williams, mpigaji wa Boston, mwaka 1946, futi 502 kutoka alipoupigia. Marafiki watabishana kuhusu kiti hicho hadi kituo cha treni.

Wrigley Field ya Chicago nayo nzuri, ina majani yanayotambaa ukutani ambayo humeza mipira, na haikuwa na taa za usiku hadi mwaka 1988. Mwaka wa Coastal, tena.

Wenye watoto wadogo, subirini Agosti mwende Williamsport, saa tatu na ushei kwa gari kutoka kwetu. Ndiko yanakofanyika mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto wa miaka 10 hadi 12, na kiingilio ni bure. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Mwanangu mechi hakuiangalia sana. Nyuma ya uwanja kuna kilima cha nyasi, na watoto wa nchi zote hukalia vipande vya maboksi wakateleza hadi chini, wakapanda, wakateleza tena. Beba boksi lako kutoka nyumbani, maana pale huisha mapema, na suruali ya pili kwa kila mtoto.

Mama mkwe alisharudi Tanga. Akipiga simu hunisalimia, huuliza habari za mjukuu, kisha huuliza kama yule kijana bado wanamchuchumalisha.