Magamba kwenye kope: tyubu inaisha, yanarudi tena

SWALI: Habari dokta, mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34, naishi Morogoro. Huu mwezi wa 4 naamka kope zimegandana, nikizivuta zinadondosha vigamba vyeupe kama mba, zinawasha na kuchoma hasa jioni. Nilipewa tyubu ya tetrasaiklini nikapaka wiki moja nikapona, baada ya siku kumi yakarudi. Sasa hivi natumia matone niliyonunua duka la dawa, yanatuliza vizuri sana ila nikiacha tu yanarudi. Kichwani pia nina mba. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana dada. Naanza na hayo matone kwa sababu ndiyo yananitia wasiwasi kuliko magamba yenyewe. Soma kwenye chupa, ukikuta neno deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni hiyo ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndo maana inatuliza haraka hivyo, lakini ukiitia wiki baada ya wiki bila mtu kukupima inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na presha ya jicho haiumi, unakuja kushtuka uoni umeshapungua na huo haurudi. Nimeona watu wazima wenye nguvu zao wamepoteza uoni kwa chupa ya namna hiyo, inaniuma kila mara.

Sasa magamba. Kwa maelezo yako hii inaelekea kuwa blefaritisi, yaani pindo la kope limevimba, na wewe fundi utanielewa nikisema pindo. Pale pindoni, nyuma ya nywele, kuna tezi ndogo za mafuta zimejipanga mstari, kope ya juu ina kama 25 hadi 40, ya chini 20 hadi 30, kazi yake kulainisha machozi yasikauke haraka. Kwenye ile mashine ya kupimia macho unayoweka kidevu, tukimbonyeza kope mtu mzima wa afya yanatoka mafuta mepesi kama ya alizeti, kwa mwenye shida kama yako mara nyingi yanatoka mazito kama dawa ya meno, au hayatoki kabisa. Mafuta yakikwama jicho linakauka, bakteria wa kwenye ngozi wanaongezeka, magamba yanajijenga, na mwenye mba kichwani ndo anapata zaidi. Kuna wengine shina la kila unywele limezungukwa na gamba kama kola ya shati, hao tunawaza vidudu vya demodeksi, vina urefu wa kama milimita 0.3 tu, kwa macho huvioni.

Kwa hiyo tyubu haikukudanganya dada, ilipunguza bakteria ila mafuta yaliyoganda yalibaki palepale. Hili tatizo linaoshwa kila siku kama meno yanavyopigwa mswaki, na wengi wanakata tamaa kwa sababu hakuna aliyewaambia hivyo mapema.

Fanya hivi asubuhi na jioni. Nawa mikono kwa sabuni, chovya kitaulo safi kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia (jaribu kwanza ndani ya mkono, usiunguze ngozi ya kope ni nyembamba mno), kamua, funga macho uweke juu dakika 5 hadi 10, na kitaulo kinapoa haraka sana kwa hiyo uchovye tena na tena, hapa ndipo watu wanapokosea, wanaweka mara moja kikishapoa wanasema wamemaliza. Ukitoa, kanda taratibu kwa kidole, kope ya juu unashusha, ya chini unapandisha, kuelekea kwenye nywele. Halafu chukua pamba iliyochovywa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, na tone moja la shampuu ya mtoto, futa pale shina la nywele, kila jicho pamba yake, suuza. Usibandue kwa kucha. Kama ulibakiwa na tyubu, usiendelee nayo kienyeji, aulizwe anayekupima.

Jipe wiki 4 hadi 6 kabla ya kusema haifanyi kazi, ikitulia unabaki na mara moja kwa siku. Wanja na kope za kubandika weka pembeni kwanza. Mba ya kichwani itibu kwa shampuu yake, ila hiyo isiingie machoni. Na ukiwa kwenye cherehani kumbuka kupepesa, mtu akikazia macho sindano anasahau kabisa. Maziwa ya mama, mkojo, mafuta ya mti wa chai yasiyochanganywa, hapana, tafadhali.

Ila kama magamba yako juu ya ngozi ya kope yenyewe, siyo pindoni, hapo nafikiria aleji, na mara nyingi ni rangi ya kucha, dawa ya nywele au gundi ya kope, acha hivyo vitu kwanza uone.

Usisubiri ukiona jicho jekundu linauma, mwanga unakuchoma, uoni una ukungu, malengelenge upande mmoja wa uso, au kope moja tu inanyonyoka nywele na ina uvimbe usiopona, nenda siku hiyohiyo.

Kwa sasa nenda wiki hii kwenye kliniki ya macho hospitali ya mkoa, beba hiyo chupa ya matone hata kama imeisha, waambie umeitumia muda gani na waombe wakupime presha ya macho yote mawili.