CPU iko chini lakini mfumo umeganda: pima foleni kabla ya kununua seva

Mleta mada anaendesha programu ya Spring Boot (mfumo wa kujengea programu za Java) yenye hifadhidata ya PostgreSQL kwenye VPS moja, yaani seva pepe ya kukodi. Ameweka Prometheus inayokusanya vipimo na Grafana inayovichora, dashibodi inamwonyesha CPU haivuki asilimia 20 na RAM bado ipo ya kutosha, ila kila asubuhi wateja wanampigia simu kwamba mfumo umeganda. Anauliza anunue seva kubwa zaidi au atafute dashibodi nyingine. Waliotangulia wengi wamemwambia aongeze RAM.

Mkuu, usinunue chochote kwanza. Namba zako ni za kweli, mashine imepumzika. Shida ni kwamba dashibodi yako inapima mashine, wakati mteja anayekupigia simu analalamikia kusubiri. Kwa maelezo yako nahisi umepakua ile dashibodi ya Grafana namba 1860, Node Exporter Full, ambayo wengi wetu tulianzia hapo. Ni nzuri sana kwa diski, CPU na mtandao, lakini haijui lolote linalotokea ndani ya Java.

Na ndani ya Java ndiko foleni iliko. Programu kama yako hutumia sehemu kubwa ya muda wake ikisubiri: hifadhidata ijibu, API ya watu wengine irudishe majibu, koneksheni ya hifadhidata iachiwe. Thredi, yaani mfanyakazi wa ndani ya programu anayeshughulikia ombi moja, haitumii CPU ikiwa inasubiri. Ni sawa na karani aliyekaa dirishani na simu sikioni akingoja jibu la makao makuu: jasho halimtoki, na foleni imeshafika barabarani. Ukimpima kwa jasho utasema ofisi haina kazi.

Nimekutana na hali hiihii kwenye mfumo wa malipo ya ada za shule. Januari shule zinapofunguliwa wazazi wengi hulipa ndani ya siku chache, na asubuhi ndiyo inakuwa kilele. Mfumo ulikuwa unakaribia kusimama huku CPU iko chini kabisa. Tulipochora thredi za Tomcat, seva ya wavuti iliyo ndani ya Spring Boot, tukakuta zimejaa zote 200, ambao ndio ukomo wake kama hujabadilisha kitu. Tulipochora koneksheni za HikariCP, inayogawa koneksheni za hifadhidata, tukakuta zinazotumika ni 10 kati ya 10, nao ni ukomo wake wa kawaida, na mstari wa wanaongoja ulikuwa unakaribia 190. Maana yake maombi kumi yanahudumiwa, mengine yote yameshapewa thredi lakini yamekaa tu yakingoja koneksheni. Ombi likifikisha sekunde 30 bila kuipata, HikariCP hulitupia kosa, na mzazi anabaki hajui kama amelipa au hajalipa.

Thredi dampu, yaani picha ya kila thredi inafanya nini kwa wakati huo, ndiyo iliyomaliza ubishi. Tulipiga jstack, amri inayotoa picha hiyo, mara kadhaa kwa kupishanisha sekunde chache, foleni ikiwa kileleni. Thredi nyingi zilikuwa zimesimama kwenye getConnection, mahali pa kuomba koneksheni. Zile kumi zenye koneksheni hazikuwa hata zinaongea na PostgreSQL, zilikuwa kwenye soketi zikingoja jibu la kampuni ya kati ya malipo. Msimbo ulikuwa umepangwa hivi: fungua muamala wa hifadhidata, andika rekodi, ita API ya malipo, ngoja, andika matokeo, funga muamala. Muda wote wa kungoja, koneksheni imeshikwa bure.

Hapa piga hesabu, maana itakusaidia kila mara. John Little alithibitisha mwaka 1961 kanuni inayosema kwamba idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila mmoja anakaa ndani. Ukiwa na koneksheni 10, na kila ombi linaishika moja kwa sekunde 0.2, unaweza kuhudumia maombi 50 kwa sekunde. API ya malipo ikianza kuchukua sekunde 4 huku koneksheni iko mkononi, uwezo unashuka hadi maombi 2.5 kwa sekunde. Hakuna aliyegusa seva, na ukizidisha CPU mara nne hesabu hiyo inabaki palepale.

Usikimbilie kuzipandisha koneksheni ziwe 200 pia. PostgreSQL yenyewe kwa kawaida hukubali 100, na kila koneksheni kwake ni prosesi nzima yenye kumbukumbu yake. Dawa ilikuwa kutenganisha kazi: andika rekodi yenye hali ya "inasubiri", funga muamala, rudisha koneksheni, ndipo uite API ukiwa nje ya muamala na umeiwekea ukomo wa muda. Jibu likija, fungua muamala mwingine mfupi uandike matokeo. Kila malipo yawe na namba ya kumbukumbu isiyojirudia, ili ombi likitumwa tena mzazi asikatwe mara mbili. Hilo nalisisitiza kwa sababu ni pesa za watu, na nyingine zimekopwa. Angalia vilevile mpangilio wa spring.jpa.open-in-view. Kwa kawaida huja imewashwa, na inaweza kuifanya koneksheni ibaki imeshikwa hadi jibu zima litoke, hata kama kweri (swali kwa hifadhidata) iliisha zamani.

Sasa dashibodi yenyewe. Ongeza maktaba ya micrometer-registry-prometheus kwenye mradi, fungua /actuator/prometheus, anwani ambako Actuator ya Spring Boot hutoa vipimo, kisha uielekeze Prometheus iende kuisoma. Vipimo vya JVM (injini inayoendesha Java) na HikariCP vitakuja vyenyewe. Vya thredi za Tomcat haviji mpaka uwashe server.tomcat.mbeanregistry.enabled, na nimeona watu wengi wakikaa na paneli tupu kwa sababu ya mstari huo mmoja. Kwa muda wa majibu washa management.metrics.distribution.percentiles-histogram.http.server.requests, la sivyo hutaweza kuchora zaidi ya wastani na namba ya juu kabisa.

Juu ya ukurasa, pale jicho linapoanzia, weka anachokipata mteja: maombi kwa sekunde, yanayofeli, na muda wa majibu. Chini yake panga foleni. tomcat_threads_busy_threads ichore pamoja na ukomo wake kwenye grafu moja ili uone nafasi iliyobaki. Ifuatie hikaricp_connections_pending, halafu hikaricp_connections_usage_seconds inayokuambia koneksheni hushikwa kwa muda gani kabla ya kurudishwa. Ningeruhusiwa kubaki na paneli moja tu kwa mfumo wa aina yako ningechagua hiyo ya pending. Ikiwa sifuri, hakuna anayengoja koneksheni. Ikikaa juu ya sifuri kwa dakika mbili mfululizo, kuna mtu amezishika, na paneli ya jirani itakuonyesha amezishika kwa muda gani. CPU, RAM na diski zishuke chini ya ukurasa. Utazifikia ukizihitaji.

Kwenye muda wa majibu, naomba uondoe kabisa paneli ya wastani. Chukua maombi 100, ambapo 95 yamejibiwa kwa sekunde 0.1 na 5 kwa sekunde 10. Wastani unatoka kama sekunde 0.6, na hakuna mteja hata mmoja aliyesubiri sekunde 0.6. Wale watano ndio wanaokupigia simu, na wastani umewafunika. Chora asilimia ya 50, ya 95 na ya 99 kwenye grafu moja uone zinavyoachana (asilimia ya 95 ni muda ambao maombi 95 kati ya 100 hayauvuki):

histogram_quantile(0.99, sum by (le, uri) (rate(http_server_requests_seconds_bucket[5m])))

Nimeweka uri humo makusudi. Ukurasa wa kuingia ukiitwa mara elfu na ule wa malipo mara hamsini, mzito unajificha nyuma ya mwepesi usipovitenganisha. Siku ukiwa na seva mbili, usichukue asilimia ya 95 ya kila moja ukatafuta wastani wake. Namba hiyo haina maana yoyote. Jumlisha histogramu (hesabu ya maombi kwa makundi ya muda) kwanza kama nilivyofanya hapo juu, ndipo ukokotoe.

Kuna eneo ambalo hata dashibodi hiyo haitaliona, na ni muhimu ulijue kabla hujaanza kubishana na wateja. Saa ya Spring huanza kuhesabu ombi likishapata thredi. Thredi 200 zikijaa, maombi yanayofuata hungoja nje, na muda huo hauingii kwenye grafu yako kabisa. Dashibodi inaweza kusoma sekunde 2 wakati mteja amekaa sekunde 20, na wote wawili mkawa mnasema kweli. Kama una Nginx, seva inayopokea maombi mbele ya programu, iambie iandike $request_time (muda wote wa ombi) na $upstream_response_time (muda wa kungoja programu) kwenye logi, uzilinganishe na za Spring. Upstream ikizidi sana ya Spring, foleni iko mlangoni mwa Tomcat. Request_time ikizidi sana upstream, programu imeshamaliza kazi yake na kinachochelewa ni safari ya data kati yako na mteja. VPS ikiwa Frankfurt na mteja yuko Kasulu kwa simu ya mkononi, hilo litakukuta. Weka blackbox_exporter kwenye kompyuta ya ofisini, iwe inaipima tovuti kutoka huku waliko watumiaji. Seva haiwezi kujipima yenyewe kwa macho ya mtu aliye mbali nayo.

Paneli za mashine nazo zina namna ya kusomwa. Load average, kipimo cha mzigo wa mashine, kwenye Linux huhesabu pia prosesi zilizokwama zikingoja diski, kwa hiyo inaweza kupanda sana CPU ikiwa imetulia. Ukiona hivyo kagua diski. Kwenye kumbukumbu usitishwe na "free" kuwa ndogo, soma "available", maana Linux hutumia RAM iliyobaki kuhifadhi faili na huiachia inapohitajika. Na kwa kuwa uko kwenye VPS, tazama "steal". Ikipanda, mwenye mashine anawapa majirani zako muda wa CPU unaoulipia wewe, na hapo ndipo kuhama kunakuwa na maana.

Prometheus usipoiandikia scrape_interval husoma vipimo kila dakika 1. Msongamano wa sekunde 20 unaweza kupita katikati bila kuacha alama kwenye pending. Weka sekunde 15. Data nayo huitunza siku 15 tu, jambo linalowaumiza wengi wetu kwa sababu mifumo yetu hubanwa mwisho wa mwezi mishahara inapoingia, na huwezi kulinganisha mwisho wa mwezi huu na uliopita kama huo uliopita umeshafutwa. Mimi huweka 90d kwenye --storage.tsdb.retention.time. Kwa seva moja nafasi inayotumika ni ndogo.

Halafu saa. Grafana huonyesha saa za kivinjari chako, wakati logi za seva mara nyingi ziko UTC, saa tatu nyuma ya zetu. Mteja akikuambia ilikwama saa tatu asubuhi, kwenye logi tafuta 06:00. Nimeshuhudia watu wazima na kazi zao wakichambua saa isiyohusika mchana kutwa.

Kwenye tahadhari kuwa mchoyo. Mimi natuma Telegram kwa mambo machache tu: asilimia ya 95 ya ukurasa wa malipo ikivuka sekunde 2 kwa dakika 10, pending ikikaa juu ya sifuri kwa dakika mbili, makosa yakipanda, Prometheus ikishindwa kuisoma programu, na diski inayoelekea kujaa ndani ya siku nne kwa makadirio ya predict_linear. CPU kufika asilimia 80 hakumwamshi mtu usiku ikiwa wateja wanajibiwa vizuri. Timu ikizoea kupuuza ujumbe wa simu, siku ya moto wa kweli nao utapuuzwa.

Mawili ya usalama. Usiandike nyota kwenye management.endpoints.web.exposure.include ukaiacha Actuator wazi kwa dunia. Heapdump yake, nakala ya kumbukumbu ya programu, hubeba nywila na taarifa za wateja zilizomo, na ikiwa imewashwa mtu yeyote ataipakua. Ifunge ndani ya mtandao wako, Prometheus pekee iifikie. La pili, usitie namba ya simu ya mteja wala namba ya malipo kwenye lebo za vipimo. Kila thamani mpya ya lebo ni mfululizo mpya wa data, na Prometheus itakula RAM mpaka ianguke. Isitoshe namba ya simu ni taarifa binafsi, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ukitaka kumfuatilia mteja mmoja, tumia logi.

Kwa hiyo mkuu, weka kwanza paneli za thredi, pending na muda wa kushika koneksheni. Kesho asubuhi simu zikianza kuingia, piga jstack tatu au nne huku ukiacha kama sekunde tano katikati. Futa chochote cha siri kilichomo, kisha tuma hapa pamoja na picha ya paneli hizo na toleo la Spring Boot unalotumia. Kama thredi zitakuwa zimesimama kwenye getConnection, tafuta ndani ya @Transactional zako (vipande vya msimbo vinavyofungua muamala) mahali panapoitwa API ya nje, utume na hicho kipande cha msimbo. Kama zimesimama kwenye kweri, tuma matokeo ya EXPLAIN ANALYZE (yanayoonyesha PostgreSQL inavyoitekeleza) ya kweri hiyo, tutaichambua hapahapa.