Maswali Yenu: Mhusika Mwenye Usonji Kwenye Skrini

Swali: Habari za kazi, wahariri. Naandika filamu fupi ya dakika 12 kuhusu kijana mwenye usonji (autism). Nimempa kipaji kikubwa cha hesabu ili apendwe, lakini waliosoma mswada wanasema hawaoni mtu, wanaona maajabu. Kasoro iko wapi?

Jibu: Iko kwenye hicho kipaji. Tangu Rain Man, filamu ya mwaka 1988 yenye mhusika mwenye usonji na kipaji cha hesabu, watazamaji wengi hutarajia kila mwenye usonji awe kikokotoo kinachotembea. Wenye vipaji vya namna hiyo ni wachache, na Kim Peek, aliyempa mwandishi wa filamu ile wazo la mhusika, inaaminika hakuwa na usonji kabisa. Kibaya zaidi, kipaji kinamwambia mtazamaji kwamba huyu anastahili kupendwa kwa kuwa ana faida. Kifute, kisha usome mswada upya. Ukiona hadithi imeanguka, ujue mhusika hakuwepo tangu mwanzo. Mpe jambo analolitaka na jambo linalomzuia, kama ungempa mwingine yeyote.

Usimrundikie dalili zote pia. Chagua mbili au tatu, na kila moja iwe na sababu ambayo mtazamaji ameshaiona au kuisikia. Tuseme kijana yuko kwenye chumba cha kusubiri. Waongozaji wengi humwonyesha akijitikisa mbele na nyuma, halafu kamera inahamia kwenye nyuso za wanaomshangaa. Hapo mtazamaji ameshawekwa upande wa wanaoshangaa. Geuza mpangilio. Anza na mvumo wa taa, uuache usikike kwa sekunde 20 hivi. Ongeza televisheni, kiti kinachoburutwa, mtoto anayelia. Mazungumzo yashushe hadi yalingane na kelele hizo, maana wengi wenye usonji hupata taabu kuchuja sauti moja kati ya nyingi. Ndipo aanze kujitikisa, na kelele zipungue kidogo kidogo. Mtazamaji ataelewa kuwa kijana anajituliza, bila daktari wa kwenye filamu kuja kumweleza.

(Taa za kumemeta zisizidi mara tatu kwa sekunde. Kifafa huwapata wenye usonji zaidi ya watu wengine, nao ni watazamaji wako.)

Akizidiwa kabisa, usimwandike kama mtoto anayedeka. Anayedeka ana anachokitafuta, akikipata hunyamaza. Aliyezidiwa hatulii hadi mzigo upungue, hata umpe nini. Wala asitokee mtu wa kumlaza kifudifudi na kumkandamiza. Filamu ya Music ya 2021 ililaumiwa vikali kwa maonyesho ya namna hiyo, na kwa haki: kumkandamiza mtu hivyo kunaweza kumziba pumzi hadi afe, na yanayoonekana kwenye skrini huigwa. Onyesha mtu mmoja akibaki naye, taa ikizimwa, maneno machache, na muda. Muda hasa, kwa sababu ndio unaokatwa kwanza kwenye uhariri.

Swali: Tumempata mwigizaji mwenye usonji. Siku za kupiga picha tubadilishe nini?

Jibu: Mwulizeni yeye kwanza, kwa maandishi, ili ajibu kwa nafasi yake. Yanayosaidia wengi ni haya: mtumieni ratiba mapema pamoja na picha za mahali na za watu atakaowakuta, na mpelekeni pale siku moja kabla, pakiwa patupu. Klapa (kibao kinachogonganishwa mwanzoni mwa kila onyesho) ipigwe taratibu, na badala ya kupaza sauti ya kuanza tumieni ishara ya mkono. Nguo mpya zifuliwe na lebo zikatwe. Tengeni chumba kimoja kimya ambacho hakigeuzwi stoo ya vifaa ifikapo saa sita.

Maelekezo ndiyo yanayoharibika mara nyingi. “Tia hisia zaidi” haimwambii kitu. “Sema polepole, tazama dirisha, hesabu mbili, kisha geuka” inamwambia kila kitu. Msimlazimishe kutazama watu machoni. Kama hafanyi hivyo kwenye maisha, mhusika naye hana haja.

Na mhusika asiyetumia maneno je? Studio ya katuni ya Pixar walipotengeneza filamu fupi ya Loop (2020), sauti za mhusika wao zilitoka kwa Madison Bandy, binti mwenye usonji ambaye naye hatumii maneno. Mhusika wenu akiongea kwa kishikwambi, msikate zile sekunde anazotumia kuandika. Wenzake kwenye onyesho wangoje, na watazamaji wangoje nao.

Swali: Mbona wahusika hawa karibu wote ni wavulana? Nataka wangu awe mwanamke mtu mzima.

Jibu: Fanya hivyo. Wanawake wengi hugundulika wakiwa wamechelewa, kwa sababu wamejifunza kuficha: kukariri maneno ya salamu, kuiga vicheko vya wenzao, kuvumilia kelele huku wakitabasamu. Kwenye picha kuficha huko hakuonekani, kwa hiyo onyesha gharama yake. Mwandikie mazungumzo mafupi kabla ya mkutano, uyarudie neno kwa neno ndani ya mkutano, kisha mwenzake aulize swali ambalo halikuwemo. Jioni hawezi hata kupokea simu ya dada yake.

Swali: Mwishoni apone?

Jibu: Hapana, usonji si maradhi. Wabadilike waliomzunguka: bosi apunguze taa, dada aandike ujumbe badala ya kupiga simu.